Buibui Aliyemuuma Mowlid Pasipotajika

Mowlid, anayesafirisha vitunguu kwa lori kutoka Kitale hadi Kakuma, alisifika kwa ujasiri. Majambazi waliwahi kumsimamisha karibu na Kalemng'orok. Aliwafokea mpaka wakamsaidia kubadilisha gurudumu. Aliogopa kitu kimoja tu: yule mdudu mkubwa wa rangi ya mchanga, mwenye manyoya na taya kama koleo, ambaye watu huapa kwamba anaua ngamia.

Alasiri moja alikuwa amejilaza chini ya lori, uwanjani kwake, mdudu huyo akatokea. Mowlid akachomoka mbio. Mdudu naye akamfuata, maana alikimbilia kivuli, na kivuli kilichokuwa karibu kilikuwa cha Mowlid. Akikata kona, naye anakata.

"Deeqa! Ananiwinda!" alimpigia mkewe kelele, akarukia rundo la matairi makuukuu, akazama katikati na kukwama, miguu juu.

Kuku wa jirani akaja, akamla mdudu, akaenda zake.

Deeqa alicheka mpaka akakaa chini. Ndipo Mowlid akasema kwa sauti ndogo, "Kuna kitu kimeniuma."

Ndani ya tairi alining'inia buibui mdogo mweusi, tumbo la mviringo, lenye alama nyekundu. Haikuchukua muda, tumbo la Mowlid likakaza kama ubao, jasho likamtiririka, akaanza kuaga jamaa zake wa Garissa kwa simu.

Kwenye zahanati, muuguzi Keziah alimuuliza, "Umeumwa wapi?"

"Uwanjani."

"Mwilini, baba."

Mowlid akatazama dari. "Mgongoni. Chini kidogo."

"Chini kiasi gani?"

"Matakoni, sista," alisema Deeqa.

Keziah aliuma midomo asicheke. Walipomsimulia kuhusu mdudu na buibui, akawaeleza kwamba yule mkubwa huuma tu, hana sumu. Huyu mdogo ndiye mwenye sumu inayovuruga neva na kukaza misuli.

"Nitakufa?"

"Ni nadra kwa mtu mzima mwenye afya. Angekuwa mtoto, ningekuwa na hofu zaidi. Hata ngamia sumu hii humtesa sana."

Mowlid akapata nguvu kidogo. "Kumbe ngamia huanguka, mimi nimesimama!"

"Umelala, baba."

Walimpa dawa za maumivu na za kulegeza misuli, wakamwangalia mpaka kesho yake. Alipotoka, alimwapisha Deeqa asimwambie mtu. Deeqa alijitahidi mpaka getini.

Safari iliyofuata, madereva wa Lodwar walimsalimu kwa Kiturkana, kwa shangwe: "Ejok, Mowlid! Karibu, keti!"

"Asanteni," alisema, akachukua chai yake. "Nitainywa nikitembea."