Rangi ya Pili

Karani wa maabara, katika hospitali ya kulipia kule Mchafukoge, alikuwa na vidole vyembamba na tabia ya kupuliza karatasi kila alipoandika, hata wino ulipokwisha kukauka. Kinyama kilichokatwa mwilini hutiwa rangi ili ugonjwa uonekane, na yeye alitoza kila rangi peke yake. "Mama, kinyama ni kimoja, rangi ni mbili," aliniambia mara tatu kwa upole uleule. Ya kwanza nilishalipa. Kwa ajili ya hiyo ya pili nikarudishwa nyumbani Ilala kwa miguu mara tatu, bila majibu ya titi langu. "Kwani titi langu kanga, litozwe kwa rangi?" Hakucheka. "Ndiyo kanuni, mama." Akapuliza karatasi. Safari ya nne nikaenda tena mikono mitupu. "Basi nisomee wewe," nikamwambia, "mimi shule sikupelekwa." Akafungua bahasha, akasoma kimyakimya, midomo ikimchezacheza. Kisha akachukua rula, akaikata rangi ya pili kwenye karatasi ya malipo kwa mstari ulionyooka. "Hii iache, mama. Bahasha mpelekee daktari leo hii." Mstari ule hakuupuliza. Sikumshukuru, jibu nilikuwa nimeshalipata.