Jina Kwenye Mabadiliko

Mtunza data wa hospitali husoma kumbukumbu ya mabadiliko kwa kidole, midomo ikicheza. Kila anayegusa jedwali la wagonjwa huacha jina humo, na mtu akikana, yeye humgeuzia skrini tu. Leo muuguzi aliingia akihema.

"Dada, mama wa upasuaji anasubiri damu. Jana mfumo ulisema kundi O, leo unasema A. Tushike lipi?"

Kidole cha mtunza data kikateremka hadi badiliko hilo, kikagota kwenye jina lake mwenyewe.

"Mimi? Mbona sikumbuki kabisa?"

"Labda una pacha."

Akafuta miwani, akasoma tena. Jina lilikuwa palepale. Akatazama mikono yake kama ya mgeni, akaiondoa kwenye kibodi.

"Mpimeni upya," akasema. "Hata mimi msiniamini."