Nani kachinja bata mzinga wetu?

Jamani, leo mate yamenikauka mbele ya wakwe!

Wazazi wa mchumba wangu, Waislamu wa Tongoni, wamekuja kwetu Mabawa kula bata mzinga aliyemfuga baba.

Sisi ni Walutheri. Na baba aliapa kumchinja mwenyewe. Jana nilimsihi sana amwachie Mwislamu achinje, akaondoka bila kunijibu.

Chakula kimeshapakuliwa, baba mkwe akauliza kwa upole, "Samahani, nani kachinja?"

Mchumba wangu akanitazama. Mimi nikatazama mkeka.

Baba akakohoa. "Mimi nimeshika miguu tu. Kachinja jirani yetu, Mzee Karimu. Nilimngoja atoke msikitini asubuhi, nikamwomba."

Baba mkwe akasema, "Bismillahi," akavuta paja.

Nikakimbilia jikoni kulia.

Nyie mngejizuia?