Chakula cha Mke Wangu Napika Mimi, na Siachi

Admin, ficha jina langu, lakini usifiche kwamba mimi ni mwanaume. Nina miaka thelathini na tisa, nina mke na binti mmoja wa darasa la nne, na naishi upande wa Sosiot ambako nina shamba la chai na ng'ombe watatu. Kila siku ya kazi ni mimi ninayepika chakula ambacho mke wangu anabeba kazini na binti yetu anabeba shuleni. Kama hilo linakukera, endelea kusoma, bado hujakereka vizuri.

Ilianza mwaka juzi. Mke wangu ni karani katika kiwanda kimoja cha chai na hutoka nyumbani mapema sana. Alikuwa akishinda na chai ya rangi na mandazi mpaka vidonda vya tumbo vikamlaza hospitalini. Daktari akasema asikae na njaa tena. Mimi huwa nimeamka saa kumi na moja kukamua. Nikajiuliza, maji ya kuoshea viwele yakishachemka, ule moto unaobaki unamngoja nani? Nikaanza na mayai na viazi vitamu. Baadaye nikajifunza kukanda unga wa chapati kwa boga lililopondwa, ndiyo maana chapati zangu hukaa laini mpaka saa saba. Isagek, ile mboga yetu chungu, nailaza kwenye maziwa uchungu uishe, halafu naifunga pamoja na vipande vya ugali wa wimbi. Githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, sifungi ikiwa na supu, maana ikimwagika kwenye begi vitabu vinanuka wiki nzima. Naikaanga na karoti mpaka ikauke. Haya yote nimeyajua kwa kuunguza.

Mke wangu akapona, akanawiri. Wenzake wakaanza kuchungulia mkebe wake. Halafu Jumapili moja kiongozi wa akina mama kanisani akanishika mkono.

"Baba Chebet, wewe umebarikiwa! Mama Chebet amekubali kutufundisha vile anapika hiyo lunch yake. Sisi watoto wetu wanarudisha chakula kila siku."

Nikamtazama mke wangu. Akatazama viatu vyake. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Waliniuliza, nikajipata nimesema ni mimi. Ningesema aje? Wakijua ni wewe watakuita nini?" Nilicheka, nikaona ni jambo dogo.

Yangeishia hapo kama baba mdogo hangekuja asubuhi moja kuomba pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa. Mke wangu alikuwa ametoka na mkebe wake, mimi namalizia wa Chebet. Mzee alinikuta nasukuma chapati, unga mpaka kwenye kiwiko.

"Oi! Hii ni nini naona? Bibi ni mgonjwa?"

"Hapana, baba. Ameenda kazi. Kaa uonje."

Hakukaa. Kwetu Kipsigis, mwanaume aliyepita jandoni hana shughuli na jiko, na yule mzee aliondoka kama mtu aliyemkuta mwenzake akioga.

Siku hiyo hiyo kituo chetu cha kupimia majani ya chai kilikuwa kimejua. Jina langu linaanza na Kip, kama majina ya wanaume wengi wa kwetu. Nilipofika na gunia langu mgongoni, mmoja akaniita kwa jina hilo hilo, ila ametoa Kip na kuweka Chep, ile ya wasichana. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Huyu amekaliwa chapati!" mwingine akadakia, maana husemwa mke akikalia chapati kabla ya kumpa mume, amemroga.

Nikamjibu, "Chapati iko, lakini nimeikanda mimi. Wewe ulikaliwa yako, ukaila bila kujua." Kicheko kikahamia kwake, nami nikapima majani yangu nikaenda nyumbani.

Hao hawakuniumiza hata kidogo. Aliyeniumiza ni mke wangu. Kiongozi wa akina mama alimpigia simu kuulizia hizo habari, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale mezani.

"Aii, huyo mzee aliona vibaya," mke wangu akamwambia. "Baba Chebet alikuwa anapasha maziwa ya ndama. Jikoni kwangu mwanaume atafuta nini?"

Niliumia, jamani. Miaka miwili nimeungua vidole, leo nimekuwa mpishi wa ndama.

Sasa anataka nimfundishe kila kitu kabla ya Jumamosi, siku aliyowaahidi somo, asimame mbele ya wale akina mama, kisha mimi nisikanyage jikoni tena. Nimekataa. Nimemwambia Jumamosi nitaenda mwenyewe, na nitafundisha mwenyewe. Akalia.

"Ukisimama pale watasema nimekuroga. Mimi ndio watanicheka, si wewe. Nitarudi Bomet kwetu."

Na ninajua hadanganyi, maneno ya watu yatamwangukia yeye. Nampenda huyu mwanamke. Ni kwa sababu yake nilishika mwiko. Lakini sitaona haya kwa kumlisha mgonjwa wangu mpaka akapona, wala sitaomba msamaha kituoni au kanisani.

Jana nikimfungia Chebet begi akaniuliza, "Baba, teacher akiuliza ni nani amenipikia, niseme ni mama?" Nikamwambia akimbie asichelewe.

Mwenye ushauri wa niache kupika apite tu, asimalize bando yake bure. Nyinyi wengine, hasa akina mama, niambieni nifanye nini. Jumamosi niende nikaseme ukweli huku mke wangu akifunga mizigo, ama nikae nyumbani, na Jumatatu asubuhi nimwambie mtoto wangu aseme ni mama?