Jani la Mwanaasha

Arobaini ya Mwanaasha ilipopita, kaka yake, Mwinjuma, alimfuata Kibwana, mume wa marehemu, barazani.

"Shemeji, nyumba na shamba ni vya ukoo wetu. Unajua."

"Najua."

Ndivyo ilivyo kwa Waluguru. Mume huishi kwa mkewe. Mke akifa, mume hukunja mkeka wake akaondoka.

"Jembe lako chukua. Kingine?"

"Lile jani la mtoni."

Mwanaasha ndiye aliyelipandikiza juu ya jiwe, pale alipokuwa akiloweka muhogo. Lilikuwa mmea wa majini wenye majani mapana, yakipata urefu wa mkono, nalo lilikua taratibu mno.

Mwinjuma alicheka kidogo. "Limeota jiweni, si katika udongo wetu. Chukua na jiwe lake, uchoke vizuri."

Kibwana alilibeba hadi Morogoro, bondeni, alikopata kazi ya kufagia nyumba ya Mdachi mmoja wa mashamba ya mpira. Mdachi alikuwa na sanduku la kioo lenye visamaki. Akaliangalia lile jani, akasema liwekwe humo.

Majani yakaanza kuoza. Moja, kisha jingine, mpaka likabaki shina tupu. Kila asubuhi Kibwana alichungulia kabla ya kushika ufagio.

"Mzee, unafuga jiwe?" Dominiko, mpishi, alimtania. "Litazaa lini?"

"Nyamaza, Dominiko. Sina kingine chake."

Dominiko akarudi jikoni.

Kibwana akafikiri njaa ndiyo inayoliua. Huko mlimani alikotoka, mche ukidumaa huwekewa samadi. Akatia samadi ya mbuzi, konzi nzima. Kufika jioni maji yalikuwa ya kijani na yananuka. Kesho yake visamaki vilielea, matumbo juu.

Mdachi alifoka. Kibwana alisimama tu, kichwa chini. Mguu ulimuuma, akawa anatamani yale maneno yaishe apate kukaa.

"Mwaga yote!" alisema Mdachi. "Na hilo jiwe tupa."

Akachota ndoo kwa ndoo. Maji yalipokwisha alilishika jiwe ili alitoe. Shina halikuyumba. Mizizi ilikuwa imelikumbatia jiwe, na ubavuni mwa shina kulikuwa na jani jipya, dogo kama ukucha.

Alikaa sakafuni. Hakulia, alikuwa amekwisha kulia.

Dominiko alikuja na kitambaa begani, akainama. "Kumbe lipo hai, jamani."

"Amesema nitupe."

"Hakusema wapi." Dominiko alitupa jicho sebuleni. "Kuna pipa la maji ya mvua nyuma ya jiko. Bwana hafiki huko, anachukia moshi."

"Ndiyo maji yako ya kupikia."

"Nitateka mtoni. Na wewe utanisaidia, usijifanye mgonjwa."

Kibwana akalizamisha jiwe pipani, kisha akaokota ndoo. Mto ulikuwa mbali, na njia yote ya kurudi ni kupanda.

"Samadi usitie tena, mzee," Dominiko alisema.

"Sitii."

Wakashuka.