Walitupa Dawa za Mdogo Wangu Chooni, Sasa Wanamtaka Arudi

Admin, jina langu lifiche, ila Tunduma usiifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Mbozi, binti wa wakulima wa kahawa. Ni mtafiti wa maabara Dar es Salaam. Nachunguza magonjwa ambayo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inamgeukia mwenye mwili mwenyewe: inashambulia viungo, ngozi, hata figo. Ndiyo kazi inayonipa ugali. Na ugonjwa wa aina hiyohiyo ukampata mdogo wangu.

Tumwite Neema. Ameolewa Tunduma na mfanyabiashara wa mahindi, wana watoto wawili. Alianza na maumivu ya viungo, akiamka asubuhi hawezi hata kukunja vidole. Akatoka madoa mashavuni kama mtu aliyeungua, nywele zikanyonyoka. Mtaani wakaanza kunong'ona. Alipima Ukimwi Tunduma, akapima Vwawa, akapima Mbeya, kote hana. Mama mkwe wake akasema vipimo vinadanganya.

Nikamchukua hadi Dar kwa daktari bingwa. Ikaonekana ni lupus, mmoja wa magonjwa hayohayo ninayoyachunguza. Niliporudi naye nilikaa na shemeji sebuleni kwake, nikamweleza taratibu kwamba hauambukizi, si uchawi, hauponi kabisa ila unatulizwa, na kwamba vidonge alivyopewa haviachwi ghafla. Aliitikia kila neno. Akanisindikiza hadi stendi akinishukuru.

Neema akainuka. Akarudi dukani kuuza vitenge, wateja wake Wazambia wakamfurahia. Tatizo likawa uso, maana dawa zile huwa zinauvimbisha. Mama mkwe akatangaza kwamba namlisha mdogo wangu vidonge vya majaribio, na damu yake nawauzia Wazungu. Shemeji, yuleyule wa stendi, akanyamaza. Wakavitupa vidonge chooni, wakamvusha mpaka wa Zambia kwenda kwa mganga, akanyweshwa mizizi.

Jirani ndiye aliyenipigia simu. Nilimkuta Neema kalala kwenye mkeka, miguu imejaa maji, hanitambui. Nikamkimbiza hospitali Mbeya. Namshukuru Mungu alizinduka, lakini figo zimeumia na hazitarudi zilivyokuwa.

Sasa sikieni kinachonitafuna. Pale wodini nilisema nawashtaki wote. Mama yangu mzazi, aliyekuja kumuuguza, akanishika mkono, akanitoa nje, akaniambia kwamba walimpigia simu kabla ya kutupa dawa, na yeye akakubali.

"Wewe mwenyewe ulisema hauponi," aliniambia. "Sasa tungekaa tu tumwangalie?"

Hadi leo nikimpigia ni shikamoo tu, halafu nakata. Nina hasira na mama aliyenizaa, nina hasira na shemeji aliyeitikia kumbe hasikii. Nimesoma miaka yote hiyo, halafu neno moja la kweli nililowaambia wakaligeuza ruhusa ya kumuua ndugu yangu.

Baada ya hospitali Neema alikaa Vwawa kwa wazazi wetu. Juzi shemeji kaja na wajomba zake, wamepiga magoti mbele ya baba, baba kasema mke arudi kwake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza dawa atazisimamia nani. Nikapanda basi kuja kumchukua ili tukaishi wote Dar. Nimefika nimekuta anafunga mizigo, ya Tunduma.

"Dada, ugonjwa wangu unaujua kuliko mimi," akaniambia huku akikunja nguo zake. "Lakini wanangu wako kule. Huko Dar nitaishi kwa ajili ya nani?"

Nilitoka nje nikalia kwa hasira.

Anaondoka Jumamosi. Nikienda polisi, mama yangu naye anaingia kwenye kesi, na ukoo mzima utanitenga. Nikikaa kimya, dawa zitatupwa tena, na figo zile hazitavumilia mara ya pili. Hilo sikisii, ndiyo kazi yangu. Nimzuie kwa nguvu mtu mzima mwenye akili zake? Nimpeleke mama yangu mbele ya sheria? Anayetaka kuniambia nisamehe, apite tu kimya kimya. Ninyi wengine nishaurini nifanye nini, maana Jumamosi ni keshokutwa.