Maafande Thelathini na Mmoja wa Romano Odero

Romano Odero hajawahi kuwa askari hata siku moja. Naanza na hilo kwa sababu hapa Jinja kuna watu watakaokuapia, mkono juu ya Biblia, kwamba walimwona kwa macho yao akikamata wezi kule Masese. Uongo mtupu! Romano ni kinyozi. Kibanda chake kiko Walukuba, mtaa ule ule alikozaliwa, ambako baba yake, Mjaluo kutoka Kenya, alipewa nyumba alipokuja kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Bunduki ya kweli hajaishika. Mkewe Eseza akichinja kuku, yeye huenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka shughuli iishe.

Ila kwenye televisheni, jamani, usimguse!

Ilianza miaka ishirini iliyopita. Mwongozaji wa tamthilia anayeitwa Phiona alimleta mwigizaji wake mmoja kunyolewa. Mteja mwingine aliyekuwa kitini alikuwa anajitingisha kama ana siafu shatini, na Romano, wembe mkononi, akamfokea kwa Kiswahili, "Kaa sawa! Nani amekuambia usogee?" Mteja akaganda. Phiona naye akaganda. Kisha akasema, "Huyu ndiye askari wangu wa kizuizi cha barabarani." Unajua mambo ya kwetu Uganda. Kwenye tamthilia watu wakipendana, wanapendana kwa Luganda. Wakisengenyana, ni Luganda. Kiswahili kikisikika tu, mtazamaji anaweka kikombe chini, maana anajua wenye bunduki wamefika. Na Kiswahili cha Romano, alichokinyonya kwa mama yake, kilikuwa hakina mfano mtaa mzima.

Tangu siku hiyo ameigiza maafande thelathini na mmoja, bila kuhesabu askari magereza watatu na ofisa wa mpakani aliyekula rushwa ya mbuzi. Hajawahi kuwa mhusika mkuu. Anaingia, anapiga kelele, anakamata mtu, anatoka. Dakika mbili, tatu akibahatika. Naye alizipenda dakika zake hizo kuliko wengine wanavyopenda saa zao nzima. Alijifungia chooni kufanya mazoezi ya kukunja uso mpaka Eseza agonge mlango na kuuliza kama tumbo limeharibika.

Na alifaidi, msidhani hakufaidi. Vijana wa boda wakimwona kwa mbali wanavaa kofia zao haraka. Mama mmoja wa Masese humchagulia samaki mnono bila kuombwa. Siku moja polisi wa kweli alimpigia saluti, akashtuka, akajikasirikia mwenyewe, akaondoka akinuna. Romano alicheka wiki nzima. "Mimi ni pilipili," alizoea kuwaambia wateja. "Hakuna anayekula sahani ya pilipili, lakini niondoeni mezani muone." Alikuwa mtu aliyeridhika, na wa namna hiyo siku hizi hata ukiwatafuta kwa tochi huwapati wengi.

Basi mtoto wake Maxwell, wa pekee, fundi umeme aliyehamia Mbale, akampata msichana. Nangila alikuwa anafanya kazi katika kinu cha unga kule Industrial, mtaa wa viwanda wa Mbale, mwenye cheko na akili zake timamu, na Eseza alipoonyeshwa picha yake tu akaanza kushona nguo ya harusi kichwani. Nangila aliishi na baba yake, Gordon, na nyanya yake, Nabalayo, mama aliyekula chumvi nyingi. Katika nyumba ile Gordon ndiye aliyekaa kwenye kiti kikubwa, lakini neno la mwisho lilikuwa la Nabalayo.

Wakaenda kujitambulisha, Jumamosi asubuhi. Eseza amevaa gomesi mpya, lile gauni la heshima la mikono iliyochongoka, Maxwell ametokwa jasho mpaka kola imelowa. Harufu ya malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yanayopikwa kwa karanga, iliwapokea kutoka jikoni, na Romano akaona kabisa kwamba mambo yatakuwa mazuri. Akaingia na sauti yake yote: "Hamjambo wenye nyumba!"

Nabalayo alikuwa ameketi mkekani. Alimtazama Romano kuanzia viatu hadi utosi. Kisha akasimama, akakunja mkeka wake, akaenda jikoni, akafunga mlango. Baadaye Gordon aliingia huko, akatoka amejikunyata. "Mama amesema," akatafsiri kutoka Kimasaba huku akitazama sakafu, "Nangila haendi kuolewa kwa afande."

Loo! Gordon aliona haya, maskini, ikabidi aeleze. Katika miaka ya utawala wa jeshi baba yake, Wepukhulu, alikuwa karani kwenye ghala la kahawa. Asubuhi moja wanajeshi walikuja wakamchukua. Gordon mwenyewe alikuwa bado tumboni. Wepukhulu hakuonekana tena, mzima wala maiti. Na mwezi uliopita tu, familia nzima ikiwa mbele ya televisheni, Romano alitokea kwenye kioo akimburuta mzee mmoja kutoka nyumbani kwake kwa kola ya shati. Nabalayo alitazama mpaka mwisho, na hakula siku hiyo.

"Lakini ni mchezo!" Romano akasema. "Yule mzee ni rafiki yangu, tulikula chapati pamoja baada ya pale!"

Gordon akainua mabega. Nangila aliwasindikiza hadi barabarani, macho mekundu. "Baba," alimwambia Romano, "Maxwell nampenda. Ila siwezi kutoka nyumba hii nyanya akiwa amenipa mgongo. Yeye ndiye alinilea." Njia nzima Maxwell alitazama nje ya dirisha, na hilo lilimuuma Romano kuliko matusi.

Sasa wewe sikia alichofanya mtu mzima huyu. Aliamua kwamba mama yule amechanganya televisheni na dunia, hivyo dawa ni ushahidi. Akakusanya picha za kazini: yeye na sare ya meja, chini amevaa ndala, kwa sababu buti hazikumwenea. Yeye na "mfungwa" wake wakigombea soda. Eseza akamwambia picha zinatosha. Hakusikia! Akaenda kumwazima Phiona ile bunduki ya mchezo, kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, akaitia guniani, wakarudi Mbale.

Picha hazikumtikisa Nabalayo. Alizipitisha moja moja, akazirudisha. Ndipo Romano, kwa furaha ya mtu aliyebakiza karata kubwa, akatumbukiza mkono guniani. "Na hii, mama, ona mwenyewe, ni mbao tupu!"

Wee! Jirani aliyekuwa amechungulia mlangoni alipiga yowe lililosikika mpaka kinuni. Watoto wa nje wakatawanyika. Gordon alijikuta nyuma ya kabati, na hadi leo anakana. Nabalayo peke yake hakukimbia. Alifumba macho tu, mikono magotini, akakaa hivyo mpaka Eseza alipompokonya mumewe lile ligongo na kumsukuma nje kama mbuzi aliyeingia kanisani.

"Umewaza na nini?" Eseza alimwuliza garini. "Kati ya nyumba zote za Mbale, ukachagua ile ndiyo uipelekee bunduki!" Romano akalisukuma gunia chini ya kiti. Aliona aibu kweli kweli. Mtoto wake anamkosa mke kwa sababu ya uso wa baba yake, na uso huwezi kuuvua ukautundika. Siku ya pili yake alibandua picha zote za uafande alizokuwa amebandika kibandani, akampigia Phiona simu kumwambia kazi ya uafande basi, atafute mwingine. Alinyoa watu wiki mbili bila mzaha hata mmoja, wateja wakaanza kuulizana kama amefiwa.

Wiki ya tatu Nangila akapiga simu. "Nyanya anakuita. Uje na Mama Maxwell, na usibebe kitu."

Walimkuta Nabalayo peke yake sebuleni. Gordon na wengine wote alikuwa amewatuma nyuma ya nyumba. Na alipofungua mdomo, Kiswahili kilimtoka, cha kukatakata lakini wazi, yeye aliyekuwa akitafsiriwa kila kitu.

"Kaa, bwana. Mimi najua wewe si askari."

Romano akabaki mdomo wazi. "Unajua, mama?"

"Najua tangu siku ya kwanza. Mimi si mjinga. Watu wa televisheni nawajua, kila jioni natazama." Akanyoosha kanga yake. "Lakini unafanya sawasawa na wao. Sauti, macho, yote. Nikikuona, nasikia yule aliyekuja hapa. Alisimama hapo hapo. Aliniambia, mume wako anakwenda kuandika maelezo tu, saa sita atarudi. Mimi nikapika chakula cha saa sita."

Eseza akashika mkono wa yule mama. Nabalayo aliuacha hapo.

"Miaka yote hii hakuna afande alikuja kuniambia kitu. Watu wakasema, hawachukui mtu bure, lazima Wepukhulu aliiba, lazima alifanya. Gordon amekua na maneno hayo. Nilitazama vile ulimvuta yule mzee, nikafikiri, huyu bwana anajua kuja kuchukua. Je, anajua kuja kurudi?" Akamtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Wewe ni mwigizaji. Niigizie yule afande ambaye alikuwa lazima arudi kuniambia."

Romano akajifikiria. Mtu wa dakika mbili, wa kupiga kelele na kutoka. Nani amewahi kumwandikia maneno hayo? Hakuna. Hata hivyo alisimama. Akauliza tu, kwa upole, Wepukhulu alivaa nini asubuhi ile. "Shati jeupe," Nabalayo akasema. "Nilikuwa nimelipiga pasi." Romano akatoka nje, akauvuta mlango nyuma yake.

Kwenye maafande wake wote thelathini na mmoja hakuna aliyewahi kubisha. Huyu alibisha. "Hodi," akasema, akangoja mpaka Nabalayo alipoitikia karibu. Akaingia wima kama askari, akavua kofia ambayo hakuwa nayo, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Mama Gordon," alisema. Ilikuwa sauti ile ile ya uafande, ila ameishusha. "Mimi ndiye nilimchukua mume wako, Wepukhulu, akiwa na shati jeupe. Nilikuambia saa sita atarudi. Nilijua harudi. Nilikudanganya, na wewe ulikuwa na mimba. Hakuiba. Hakufanya chochote. Hakuwa na kosa lolote. Nimechelewa sana kuja kukuambia. Nisamehe, mama."

Nabalayo hakulia. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayeonja kitu kuhakikisha kimeiva. Romano hakusogea, ingawa machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni na mikono imeshika kofia isiyokuwepo.

"Ngoja hapo," Nabalayo akasema. Akageukia dirisha la nyuma, akaita kwa sauti ambayo hakuna aliyedhani bado anayo. "Gordon! Njoo. Njooni wote. Nangila, na wewe njoo."

Wakaja wakajipanga ukutani, Gordon mbele, mtu wa karibu miaka hamsini, akifuta mikono kwenye suruali.

"Sema tena, afande," Nabalayo akamwambia Romano. "Ile ya kwamba hakuwa na kosa. Sema polepole, mtoto wake asikie."

Romano akasema tena, polepole. Gordon akaweka kiganja usoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi," Nabalayo akasema, akajivuta kando mkekani kumpa Romano nafasi, "mleteeni mkwe wetu chakula. Hawa watoto waoane."